Kampuni za utalii ziache kuwauzia watu nyumba ambayo filamu haikurekodiwa ndani yake

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kampuni moja ya utalii jijini Nairobi, ambayo silitaji jina lake kwa kuwa bado nawadai, inauza ziara ya nusu siku inayoitwa ziara ya maeneo ya filamu, na kivutio chake kikuu ni jumba la Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmark aliyelima kahawa hapa Kenya, lililo upande wa vilima vya Ngong. Mwongoza watalii tuliyepewa aliniambia mimi na wageni wangu kutoka Mwanza, bila kupepesa macho, kwamba Out of Africa, filamu inayosimulia maisha yake hapa Kenya, ilirekodiwa ndani ya vyumba vile, na kwamba Meryl Streep na Robert Redford waliigiza katika chumba kile kile cha kulia tulichokuwa tumesimama. Huo ni uongo, na tuliulipia.

Jumba hilo, ambalo jina lake ni Mbogani, lilijengwa mwaka 1912 na Mswidi Åke Sjögren, likanunuliwa na akina Blixen mwaka 1917, na Karen akaishi humo hadi mwaka 1931, shamba lake la kahawa lilipokwisha kufilisika. Baadaye Serikali ya Denmark ililinunua na kuikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru, na pakaanzishwa chuo cha lishe. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa mwaka 1986, wakati filamu ilikuwa imeshatoka tangu Desemba 1985. Mwongozaji wa filamu, Sydney Pollack, hakurekodi ndani ya Mbogani. Alitumia Mbagathi, nyumba ya kwanza ya Karen, ambayo haiko mbali na hapo. Haya si mambo ya siri. Mhudumu wa makumbusho aliyetutembeza ndani aliyasema waziwazi, kwa adabu na bila kuulizwa, na ndipo mtu wetu wa kampuni alipotuvuta pembeni na kutuambia kwamba yule mama "hana habari".

Nakubali kwamba kuna kinachowachanganya watu. Baadhi ya vitu vinavyoonyeshwa mle vilitumika katika filamu na vikaachwa kwa makumbusho baada ya kazi kwisha, hivyo mgeni anaviona, anavikumbuka kutoka kwenye skrini, kisha anaamini kwamba na kuta nazo ni zile zile. Kazi ya mwongoza watalii ni kuondoa mkanganyiko wa namna hiyo. Huyu wetu aliugeuza mtaji.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba ukweli wenyewe ungetosha kabisa kuijaza ziara hiyo. Ikulu ya gavana inayoonekana katika filamu ni jengo la utawala la Nairobi School, shule ambayo maelfu ya watu huipita kila siku kwenye Waiyaki Way bila kujua kwamba ukuta wake uliwahi kuonekana katika filamu iliyoshinda tuzo 7 za Oscar. Tulipita hapo tukiwa ndani ya gari la kampuni, na dereva alikuwa akituonyesha duka jipya la samani. Nairobi ya miaka ya 1910 ilijengwa upya kwa ajili ya kamera, kwa sababu ile halisi ilikuwa imekwisha kumezwa na maghorofa. Hilo nalo hatukuambiwa. Chifu Kinyanjui wa kwenye filamu aliigizwa na mjukuu wake mwenyewe. Na aliyeigiza kijana Kanuthia katika filamu hiyo ni Job Seda, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Ayub Ogada, bingwa wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, aliyeimba "Kothbiro", wimbo uliotumika miaka 20 baadaye katika filamu nyingine, The Constant Gardener, iliyorekodiwa Kibera na Loiyangalani. Nilipomtaja, mwongoza watalii wetu aliniuliza kama huyo alikuwa mpishi.

Katika ziara nzima, saa kwa saa, halikutajwa jina la Mkenya hata mmoja aliyeshiriki katika filamu hiyo. Tuliambiwa habari za nywele za Redford.

Niliiandikia kampuni barua pepe nikieleza haya yote kwa utaratibu. Jibu lilikuwa kwamba wateja wengi hurudi wakiwa wamefurahi, na kwamba maelezo ya ziara ni "ya kiburudani". Kama ni ya kiburudani, kipeperushi chao kiseme hivyo, na kisiandike kwa herufi kubwa kwamba tutaingia katika vyumba filamu iliporekodiwa. Bidhaa iliyoandikwa hivyo kwenye kipeperushi ndiyo niliyoinunua, na sikupewa.

Nadai mambo mawili. Kwanza, warudishe sehemu ya fedha inayozidi kiingilio cha makumbusho, kwa kuwa makumbusho yenyewe yalitupa tulichokilipia. Pili, wakifute kifungu hicho kwenye kipeperushi. Wanajukwaa waliowahi kuuziwa ziara ya aina hii, hata kama ni ya kampuni nyingine, naomba muandike hapa chini mliambiwa nini na mlilipa kiasi gani, na wenye stakabadhi wazihifadhi, kwa sababu nakusudia kuwasilisha malalamiko rasmi na sitaki yaonekane kuwa ni ya mtu mmoja.