Naomba ushauri: kavernoma ya ubongo (fundo la vimishipa dhaifu vya damu), kupasuliwa au kungoja?

Jambo kwenu wote, wakubwa kwa wadogo. Naandika kutoka Bukavu. Mwezi wa tatu mdogo wangu wa kike, miaka 26, alikuwa anatwanga sombe. Mchi ukamponyoka, mkono wa kuume ukatetemeka, kisha akaanguka, mwili mzima umekakamaa. Majirani wakasema ni mapepo. Tulipoteza wiki mbili huko, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tulivuka mto Ruzizi hadi Kigali kwa IRM (MRI, kipimo cha picha za ubongo). Imeonyesha kavernoma moja ya milimita 14 upande wa kushoto, karibu na sehemu inayoongoza mkono na usemi, na alama ya damu iliyovuja zamani. Anakunywa dawa ya kifafa, levetirasetamu 500 mg asubuhi na jioni. Ameanguka tena mara moja tu, siku dawa ilipoisha.

Daktari mmoja anataka apasuliwe kabla haijavuja tena. Wa pili anasema tungoje, IRM irudiwe baada ya mwaka.

Aliyepitia hali hii, au anayeitibu: mlichagua nini, na usemi ulibaki salama? Tena, marehemu mama alikuwa na kifafa, na kavernoma huweza kurithiwa. Je, sisi ndugu wengine tupimwe hata kama hatuna dalili?