Viazi mviringo nyumbani: sanduku la mbao au viroba?

Mwanabustani: Habari zenu, wanajukwaa. Seremala ananisubiri hadi Jumamosi nimpe jibu: atengeneze sanduku la mita moja kwa mita moja la kupandia viazi mviringo, au ninunue viroba vinne tu? Naomba ushauri wa waliokwisha kujaribu.

Mzee wa Uyole: Hujasema uko wapi, sanduku lina kina gani, wala mbegu utaitoa wapi; bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mwanabustani: Niwie radhi, mzee wangu. Ninaishi Kimara, Dar es Salaam, na kina ni sentimita 40.

Mzee wa Uyole: Basi seremala akutengenezee kitanda cha kulalia. Viazi hivi hutunga vizuri penye nyuzijoto 15 hadi 20; usiku wa joto kama wa huko utakuvunisha majani.

Binti Limuru: Mimi ni mtu wa viroba, na ndani yake aina ya Shangi, inayokomaa kwa miezi mitatu hivi. Unakunja mdomo wa kiroba, unapanda, kisha unaukunjua na kuongeza udongo kadiri shina linavyorefuka.

Mzee wa Uyole: Shangi haikai ghalani, huchipua upesi mno. Apande aina iitwayo Asante.

Binti Limuru: Kuchipua upesi ndiko kunakomfaa mwenye eneo dogo, kwa sababu hangoji sana kupanda tena.

Mama Kitalu: Kabla hamjagombania jina la mbegu, tazameni inakotoka. Mimi nilinunua viazi vya sokoni vilivyochipua vizuri, nikavipanda katika sanduku la gharama. Shina moja likaanza kunyauka mchana likiwa bado la kijani. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Bwana shamba alipokuja, alilikata na kulitumbukiza katika glasi ya maji safi, ukashuka ute mweupe kama uzi: mnyauko wa bakteria. Kosa kubwa likafuata, kwani kwa kuuonea uchungu udongo nilioununua, niliuhamishia kwenye nyanya na biringanya, nazo zikafa zote. Kiroba kikiugua unakitoa peke yake. Sanduku huugua zima.

Fundi Mbao: Pole sana, mama. Sentimita 40 zinatosha, mradi chini kuwe na matundu. Wanaojenga masanduku marefu hadi kifuani hupoteza mbao, maana aina za muda mfupi hutunga viazi karibu na mbegu. Udongo wa juu ni wa kuvikinga na jua visigeuke kijani vikawa na sumu.

Mwanabustani: Nilisahau kueleza kwamba sanduku ni la mama yangu aliyeko Lushoto. Magoti hayamruhusu kuinama, kwa hiyo nilitaka liwe na miguu.

Mzee wa Uyole: Lushoto! Ungesema hivyo tangu mwanzo, mwanangu. Huko milimani kuna baridi, viazi vimezoea.

Binti Limuru: Viroba navyo hupandishwa juu ya benchi.

Fundi Mbao: Sanduku la kipimo hicho likijaa udongo uliolowa huzidi nusu tani. Seremala anajua kwamba miguu itabeba mzigo huo?

Mwanabustani: Sikumwambia hata kama ni la udongo.