Naombeni ushauri: dawa ya maji inageuka kemikali nyingine ndani ya maji tunayokunywa, na mke wangu ni mjamzito

Baba Mtarajiwa (Jumapili, saa 4:20 usiku)
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mkazi wa Sahare, Tanga, na nimejiunga juzi tu kwa sababu ya jambo hili ambalo limeninyima usingizi. Mke wangu ana mimba ya miezi sita, na kwa wiki kadhaa sasa amekuwa akilalamika kwamba maji ya nyumbani yananuka dawa kiasi kwamba hata chai ya tangawizi haifichi harufu hiyo. Nilipoanza kusoma nikagundua kwamba klorini ikikutana na uozo wa majani na udongo ndani ya maji huzalisha kemikali ziitwazo trihalomethani, mojawapo ikiwa klorofomu, na kwamba Marekani imeweka kikomo cha mikrogramu 80 kwa lita kwa jumla yake. Ninachouliza ni kimoja: je, ni sahihi kuachana kabisa na maji ya bomba na kutumia kisima? Na kama chujio la mkaa linafaa, nipo tayari kulinunua. Naomba majibu ya haraka yasiyo na kejeli.

Bi Mkubwa wa Ngamiani
Mwanangu, pole na hongera kwa pamoja. Ila nikwambie ukweli, ninyi mliozaliwa bomba likiwa uani hamjui mlichoepushwa. Mwaka 1997, kipindupindu kilipotapakaa nchini, mimi nilimuuguza mdogo wangu kwa mikono hii. Alianza kuharisha alfajiri, na ilipofika adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Yale maji aliyokunywa hayakunuka dawa hata kidogo, yalikuwa baridi na matamu. Mshike mkeo vizuri, umpikie uji, uache kusomasoma usiku.

Kijana wa Barabara ya Kumi na Tano
Kama klorofomu, ile dawa ya usingizi, imo bombani, basi leo nimeelewa kwa nini bosi wangu husinzia kila baada ya kunywa glasi moja ya maji. Mleta mada ametukataza kejeli, kwa hiyo ninaishia hapo kwa heshima.

Mkemia Mstaafu
Ndugu mleta mada, hofu yako ina msingi, ingawa umeielekeza pabaya. Kemikali hizo zilitambuliwa mwaka 1974, pale Johannes Rook alipochunguza maji ya Rotterdam, Uholanzi, na kuonyesha kwamba klorini haiishii kuua vijidudu tu, kwani huyashika pia mabaki ya mimea yaliyoyeyuka majini na kuyageuza. Ndiyo maana kiwanda cha maji kinachofanya kazi ipasavyo hutanguliza shabu, tope likaganda na kutuama, kisha mchanga ukachuja, na klorini ikaja mwisho maji yakiwa yamekwisha kutakata. Maji ya mjini kwetu hutoka Mto Zigi, unaoshuka kutoka kwenye misitu ya Amani, hukusanywa katika bwawa la Mabayani na kusafishwa Mowe. Mto wa msituni hubeba majani, hasa wakati wa masika, kwa hiyo suala la kuchuja kwanza si dogo.

Hata hivyo, harufu unayoisikia ni ya klorini yenyewe au ya klorini iliyoungana na uchafu. Trihalomethani kwa viwango vya maji ya kunywa pua haizisikii, na maji yanayonuka sana yanaweza kuwa nazo kidogo, kama ambavyo yasiyonuka yanaweza kuwa nazo nyingi. Kabla sijasema zaidi naomba unijibu: je, harufu hiyo ipo kwenye koki inayotoka moja kwa moja kwenye bomba la barabarani, au umeisikia kwenye maji yaliyohifadhiwa?

Baba Mtarajiwa
Ahsante sana mzee wangu. Harufu ipo kwenye maji yote ya nyumbani. Naomba turudi kwenye swali langu la kisima.

Fundi Bomba
Kaka, mimi nimefunga mabomba mjini hapa miaka kumi na minne, na mteja akisema "yote" ninajua kuna kitu amekiruka. Nyumba yako ina tangi? Kama lipo, lina ujazo gani, limekaa wapi, na mara ya mwisho lilisuguliwa lini? Koki ya kwenye mita nayo inanuka?

Baba Mtarajiwa (Jumatatu, saa 2:05 asubuhi)
Tangi lipo, la lita 2000, limekaa juu ya mnara wa matofali chini ya mwembe kwa sababu hapo pana kivuli. Maji ya kwenye mita kusema kweli hayanuki sana. Kifuniko cha tangi kilipeperushwa na upepo mwaka jana nami nikaweka bati.

Naomba nisihukumiwe kwa nitakachosema. Kwa kuwa tangi lipo wazi kidogo na majani huanguka, nimekuwa nikiweka klorini mwenyewe kila Jumamosi, vijiko viwili vya chakula. Nilifanya hivyo kwa ajili ya usalama, kwa sababu nina wapangaji wa vyumba vitano na mmoja wao aliwahi kuugua homa ya matumbo. Kama mtu hafanyi lolote analaumiwa, na akifanya analaumiwa pia.

Mkemia Mstaafu
Hakuna anayekulaumu, lakini hapo ndipo uzi huu ulipopaswa kuanzia. Tuchukue kwamba poda yako ni ile ya kawaida yenye klorini asilimia 65. Vijiko viwili vya chakula ni kama gramu 30, ambazo ndani yake mna klorini karibu gramu 20. Zikiingia kwenye lita 2000 unapata takriban miligramu 10 kwa lita. Shirika la Afya Duniani huweka ukomo wa miligramu 5, na klorini inayotakiwa kubaki majini yanapomfikia mtumiaji ni kati ya miligramu 0.2 na 0.5 tu. Maana yake ni kwamba unaongeza dozi kubwa juu ya maji yaliyokwisha kutiwa dawa, ndani ya chombo chenye majani yaliyooza chini, kisha maji hayo yanakaa humo kwenye joto siku nzima. Klorini nyingi, uozo, joto na muda ndivyo vitu vinavyozidisha trihalomethani, na wewe umevikusanya vyote juu ya mnara mmoja.

Mama wa Pangani
Muulizaji wa kisima, nisikilize na mimi. Kwetu Pangani marehemu baba alichimba kisima uani, tukafurahi miezi mitatu, halafu maji yakaanza kuonja chumvi. Wali ukawa hauhitaji kutiwa chumvi, sabuni haitoi povu, na nguo nyeupe zikawa na rangi ya chai. Tuliishia kuchota maji ya kunywa kwa jirani kwa ndoo, na kile kisima tukawaachia mbuzi na minazi.

Baba Mtarajiwa
Suala la chumvi ninalifahamu, mama, na ndiyo maana nilifikiria kuchanganya. Nieleze kikamilifu ili niache kuulizwa kipande kipande: kisima kimekwisha kuchimbwa tangu mwezi uliopita, fundi amelipwa, na wapangaji nimewaambia kwamba mwisho wa mwezi huu bomba la uani litafungwa. Maji yana chumvi kiasi, si nyingi. Mpango ni kuyapandisha kwenye tangi yachanganyike na ya bomba, na klorini niendelee kuweka, lakini kijiko kimoja. Sioni ubaya wake, kwa sababu kisima ni maji ya asili.

Fundi Bomba
Kutoka kisimani hadi choo cha shimo ni hatua ngapi?

Baba Mtarajiwa
Kumi na nne. Ila choo kipo upande wa chini.

Bi Mkubwa wa Ngamiani
Subhanallah. Hatua kumi na nne, halafu unaogopa bomba!

Mkemia Mstaafu
Kwenye mchanga wa pwani kama Sahare, upande wa juu na wa chini hubadilika kulingana na bahari inavyojaa na kupwa, kwa hiyo usiutegemee; kwa kawaida hushauriwa walau mita 30. Lakini kuna jambo jingine ambalo kwa swali lako ni zito zaidi. Maji ya bahari yana bromidi, mojawapo ya chumvi zake, takriban miligramu 65 kwa lita, na bahari inapopenya kwenye kisima huleta sehemu ya bromidi hiyo. Ukiweka klorini kwenye maji ya namna hiyo, klorini huiamsha bromidi, nayo hushambulia ule uozo kwa kasi kuliko klorini yenyewe. Unachopata ni bromofomu na ndugu zake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu klorofomu hadi mikrogramu 300 kwa lita, ila kwa bromofomu unaishia 100, na kwa ile iitwayo bromodiklorometani unaishia 60. Mpango wako wa kukimbia trihalomethani ungekuzalishia zile zenye vikomo vikali zaidi.

Msafiri wa Nchi Nyingi
Nichangie kidogo. Peru mwaka 1991 waliacha kutia klorini majini kwa kuogopa saratani, kipindupindu kikawafagia. Mwisho wa mjadala.

Mkemia Mstaafu
Hadithi hiyo hupendwa sana, ila waliochunguza hawakubaliani nayo moja kwa moja. Mabomba ya miji mingi ya Peru yalikuwa mabovu, na mingine haikuwa na utaratibu wa kutia klorini wa kuacha. Ninachokubaliana nacho ni kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wazi kuwa juhudi za kupunguza kemikali hizi zisidhoofishe uuaji wa vijidudu.

Mpekuzi wa Duga (Jumatatu, saa 3:40 usiku)
Samahanini wakubwa, mnapotezewa muda. Mleta mada amejiunga juzi. Anaandika "trihalomethani" bila kukosea herufi, lakini hajui kwamba choo kisikaribiane na kisima. Ametaja chujio la mkaa katika ujumbe wa kwanza kabisa, kabla mtu hajamuuliza. Kila akibanwa anatoa kipande kipya, kama mtunzi anayeongeza sura. Mimi nasema hakuna mke, hakuna mwembe, na kesho atatokea mtu wa kutuwekea namba ya simu ya duka la machujio. Na kama ni uongo wangu, atuambie hiyo poda aliinunua duka gani na kwa bei gani, maana amekwepa kusema.

Kijana wa Barabara ya Kumi na Tano
Hapo kwenye poda hata mimi nilishangaa. Mtu mwenye wapangaji watano hasahau bei ya kitu.

Mama wa Pangani
Jamani, na mimi niliyeeleza habari za marehemu baba yangu nimewaeleza wauza machujio?

Fundi Bomba
Mimi namwamini. Mtu anayetunga hadithi hawezi kutunga bati juu ya tangi. Nimeyaona mabati hayo kwenye nyumba zisizohesabika. Lakini swali la poda ni la haki.

Baba Mtarajiwa (Jumanne, saa 11:50 alfajiri)
Sikulala. Sikununua poda dukani. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anatunza bwawa la kuogelea la hoteli ambayo sitaitaja, na ndiye aliyeniletea ndoo ikiwa nusu. Lebo ilikuwa imebanduliwa. Sikutaka kulisema hapa kwa sababu akijulikana atapoteza kazi, na mke wangu hajui. Machujio siuzi. Nililitaja kwa kuwa ndilo lililojitokeza kila niliposoma.

Mkemia Mstaafu
Ahsante kwa kusema. Sasa hesabu yangu ya miligramu 10 naifuta, kwa kuwa ilitegemea asilimia 65, na poda za mabwawa hutofautiana; zipo zenye hadi asilimia 90, na baadhi zina viungio ambavyo havikukusudiwa kwa maji ya kunywa. Acha kuitumia leo. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi, hasa zenye asidi, kwa sababu hutoa gesi inayochoma mapafu, na usiimwage chooni wala kisimani.

Kuhusu mkeo: tafiti juu ya mimba na kemikali hizi zimetoa majibu yanayopingana, na uhusiano unaozungumzwa zaidi, wa saratani ya kibofu, unahusu watu waliokunywa maji hayo kwa makumi ya miaka. Wiki chache za tangi lako si hukumu, lakini mwelezeni mkunga kliniki. Kwa sasa achote kwenye koki ya mita, na maji ya kunywa achemshe kwenye sufuria iliyo wazi, dirisha likiwa wazi pia, kwani trihalomethani nyingi hupaa na mvuke. Zipo nyingine, asidi za haloasetiki, ambazo hazipai, na ndiyo maana dawa halisi ni kusafisha tangi. Chujio la mkaa hukamata trihalomethani, lakini huondoa klorini pia, na mkaa ukichoka bila kubadilishwa huwa makao ya vijidudu.

Mpekuzi wa Duga
Kama ni kweli, niwie radhi kaka. Kama si kweli, umetunga vizuri.

Bi Mkubwa wa Ngamiani
Mwambie mkeo, mwanangu. Atakasirika kwa sababu ya kaka yake, lakini maji anayakunywa yeye.

Baba Mtarajiwa (Jumatano, saa 1:15 usiku)
Nimemwambia. Hajasema neno na mimi tangu jana, ila amempigia kaka yake simu na wamezungumza muda mrefu.

Tangi tumelifungua na Fundi Bomba, ambaye alikuja mwenyewe kutoka humu jukwaani na akakataa kulipwa. Chini kulikuwa na tope jeusi la kina cha kiganja, laini kama unga wa kahawa, na ndani yake majani ya mwembe yaliyobaki mishipa mitupu, meupe, yamechunwa na ile poda kama lesi. Tumesugua mara tatu na kuweka kifuniko kipya. Maji ya leo hayanuki.

Ndoo ya poda ipo stoo, nimeifunga kwa kamba. Shemeji atakuja kuichukua Jumamosi na kuirudisha ilikotoka. Kisima nimekifunika kwa lile bati la zamani, na wapangaji nimewaambia kwamba bomba halifungwi tena. Lakini asubuhi ya leo nimekuta bati limesogezwa na kamba ya ndoo imelowa.