Vuelta 2025: waliofunga barabara Madrid walikuwa na haki?

Gurudumu:
Wakuu, tujadili hili kwa utulivu kama inawezekana. Vuelta ya 2025, zile mbio za baiskeli za wiki tatu za Hispania, ilianzia Turin tarehe 23 Agosti, ikatakiwa kuishia Madrid tarehe 14 Septemba. Haikufika. Hatua ya 21, yaani siku ya mwisho, ilivunjwa zikiwa zimebaki kama kilomita 56, waandamanaji wanaoiunga mkono Palestina waliposukuma vizuizi na kujaa barabarani. Walitaka timu ya Israel-Premier Tech iondolewe kwa sababu ya vita vya Gaza. Kabla ya hapo, Bilbao, hatua ya 11, muda ulichukuliwa kilomita 3 kabla ya mstari na mshindi hakutangazwa. Hatua ya 16 ikafupishwa. Mbio za kukimbizana na saa pale Valladolid zikakatwa kutoka kilomita 27.2 hadi 12.2. Mwisho wa yote Vingegaard, bingwa wa wiki tatu za milima, akavikwa ushindi wake kwenye maegesho ya hoteli akiwa amesimama juu ya sanduku la barafu.

Swali ni moja tu: kuzuia mbio ilikuwa njia halali ya kudai walichodai, au waliadhibiwa wasiohusika? Mimi naona mpaka ulivukwa. Romo wa timu ya Movistar alianguka mtu alipochomoka pembeni ya barabara na bendera, baadaye akajitoa. Michezo na siasa kila kimoja kishike njia yake.

Binti Bahari:
"Kila kimoja kishike njia yake." Basi niambie kaka, Machi 2022 UCI, shirikisho la baiskeli duniani, ilipoifutia usajili timu ya Gazprom-RusVelo ya Urusi, njia ilikuwa ipi? Wale vijana nao walilala wana timu, wakaamka hawana. Sikumbuki uzi wako wa kuwalilia.

Gurudumu:
Dada, usiniwekee maneno mdomoni. Gazprom ni kampuni ya serikali. Hii nyingine ilikuwa timu ya tajiri binafsi, Sylvan Adams, mwenye uraia wa Canada pia.

Nyundo:
Tajiri binafsi aliyesema hadharani kwamba timu yake ni ya kuitangaza Israel, na Netanyahu mwenyewe akampongeza kwa kutojitoa. Ubinafsi gani huo? Halafu katikati ya mbio wakalifuta neno Israel kwenye jezi. Kama halina uzito, walilifuta la nini?

Kilima:
Walilifuta ili vijana wao wasipigwe, Nyundo. Na tukianza kukagua majina kwenye jezi, timu za UAE na Bahrain nazo tuziulize nini? Wengi kwenye ile timu si Waisraeli hata kidogo. Riccitello ni Mmarekani, kamaliza wa tano, kachukua jezi nyeupe ya vijana kule mlima wa Bola del Mundo, hatua ya 20. Mtajieni kosa lake.

Binti Bahari:
Hakuna aliyesema Riccitello ana kosa. Anayefunga barabara hamdai Riccitello, anamdai aliyeamua timu ianze. Waandaaji walijua tangu Figueres, hatua ya 5, pale timu iliposimamishwa na watu wenye bendera katikati ya mbio. Mkurugenzi wa ufundi wa Vuelta mwenyewe alisema hakuna suluhu nyingine ila timu ijiondoe. Wakamwachia mpira mwenye timu, mwenye timu akaurudisha, UCI ikaiacha timu iendelee hadi barabara ya Madrid ikajaa. Serikali ya Hispania ilikadiria watu laki moja. Watu laki moja hawatoki nyumbani kwa ajili ya kumchukia Mmarekani wa miaka 23.

Kikokotoo:
Nyie mnagombania Madrid, hatua ya mwisho ambayo kila mwaka ni gwaride hadi mizunguko ya mwisho. Mbio zilivurugwa Valladolid. Fuateni hesabu. Kabla ya mbio za saa, Vingegaard alikuwa mbele ya Almeida, aliyekuwa wa pili, kwa sekunde 50. Kwa kilomita 12.2 Almeida akakata sekunde 10. Kilomita 15 zilizotupwa zingekuwa na thamani gani? Kwa kasi hiyo hiyo ni kama sekunde 12 zaidi, tunaingia Bola del Mundo na mbio nyingine kabisa. Na hakuna aliyeandamana dhidi ya Almeida.

Kilima:
Bola del Mundo Vingegaard aliwaacha wote, Almeida akiwemo. Mwisho ikawa dakika 1 na sekunde 16. Hizo kilomita 15 zako zingeyeyuka kwenye ule mlima.

Kikokotoo:
Mtu anayelinda sekunde 32 hapandi mlima kama anayelinda 44, yaani zile 40 na 4 za bonasi. Wewe hujawahi kufuatilia mbio za hatua, unaangalia muhtasari wa dakika tano.

Kilima:
Nimefuatilia mbio hizi tangu enzi za Contador, kijana. Punguza povu.

Mzee wa Redio:
Nimesoma kimya kimya hadi nikafika kwenye ile sentensi ya michezo kushika njia yake. Mnaosema hivyo mnaitupa heshima ya Filbert Bayi, mkimbiaji wetu. Mwaka 1974, Christchurch, aliongoza mita 1,500 kutoka risasi hadi utepe, 3:32.2, rekodi ya dunia, John Walker wa New Zealand akimfukuza nyuma bila kumpata. Dunia nzima ikasubiri wakutane tena Olimpiki ya Montreal 1976. Tanzania ikagoma, Bayi akabaki nyumbani. Hakuna aliyetuambia siasa ikae pembeni. Tulijua tunachokipoteza na kwa nini.

Nyundo:
Shikamoo mzee. Hiyo ndiyo hoja. Walker alikuwa amekwenda kucheza Afrika Kusini, ndiyo maana Bayi akakataa kushindana naye.

Mzee wa Redio:
Marahaba, lakini usipotoshe. Walker hakwenda popote. Ni timu ya raga ya New Zealand iliyokwenda Afrika Kusini mwaka ule ule Soweto ilipomwaga damu. Kamati ya Olimpiki ikakataa kuiondoa New Zealand, nchi zaidi ya ishirini, nyingi za Afrika, zikagoma. Raga yenyewe haikuwa hata mchezo wa Olimpiki.

Nyundo:
Inazidi kunipa nguvu. Kumbe mkimbiaji asiyehusika kabisa na raga aliachwa bila mpinzani kwa sababu ya raga. Basi Riccitello naye avumilie.

Gurudumu:
Hapana, hapana. Mnachanganya mambo mawili. Bayi aligoma, yaani nchi yake ilijinyima yenyewe. Haikuingia uwanjani kumzuia Walker asikimbie. Laiti timu za Vuelta zingegoma, ningewavulia kofia. Huyu wa Madrid alijinyima nini? Alimnyima mwingine.

Binti Bahari:
Bayi aliulizwa? Nani alimwuliza Bayi? Uamuzi ulitoka juu, yeye akalipa. Ndicho kile kile mnachowalilia waendesha baiskeli, isipokuwa wa kwenu mnamsifu.

Nyanda za Juu:
Samahani kuingilia, lakini hii hadithi ya Bayi kunyimwa medali huwa inakuzwa. Mwaka ule alikuwa ameugua malaria. Hata angekwenda Montreal, Walker angemla. Na Kenya pia tuligoma, Mike Boit alikuwa kwenye ubora wake, mbona hatuimbi kila siku?

Mzee wa Redio:
Malaria! Nilijua itakuja. Fainali ya Montreal ilikimbiwa polepole kama mazoezi, Walker akashinda kwa 3:39. Tatu thelathini na tisa! Unadhani Bayi angewaacha wakatembea vile? Yeye alikuwa haviziani na mtu, risasi ikilia ameshaondoka.

Nyanda za Juu:
Mwenye malaria haondoki na risasi, mzee wangu. Halafu Walker huyo huyo ndiye aliyemnyang'anya Bayi rekodi ya maili mwaka 1975, wa kwanza kushuka chini ya 3:50. Yupi alikuwa anapanda na yupi alikuwa anashuka?

Kikokotoo:
Kuna mtu atanijibu kuhusu kilomita 15?

Mzee wa Redio:
Miezi mitatu kabla ya Walker, nani alikuwa na hiyo rekodi ya maili? Bayi, Kingston, 3:51.0. Mmoja amenyanyua, mwingine amenyanyua zaidi, ndiyo uhasama mtamu unavyokuwa. Kuanguka kuko wapi hapo?

Gurudumu:
Wakuu, tunarudi Hispania au nifungue uzi mwingine?

Mtazamaji:
Mimi nirudi kidogo. Mnaongea kama vile Madrid ni mara ya kwanza. Vuelta ya 1978, ile aliyoshinda Mfaransa Hinault, siku ya mwisho ilivurugwa San Sebastián na Wabaski, matokeo yakafutwa, mbio hazikukanyaga tena Nchi ya Basque hadi 2011. Tour de France ya 1982, wafanyakazi wa kiwanda cha chuma walifunga njia, hatua nzima ya timu kukimbizana na saa ikafutwa. Paris-Nice 1984, wafanyakazi wa kiwanda cha kujenga meli wakakaa barabarani, Hinault akashuka kwenye baiskeli akawarukia kwa ngumi. Mbio za baiskeli hazina geti wala tiketi. Barabara ni ya umma, mwenye shida yake anajua kamera zitapita mlangoni kwake saa fulani. Ukitaka mchezo usioguswa, uweke ndani ya uwanja.

Nyundo:
Hinault alipiga wafanyakazi wanaopoteza ajira na bado anaitwa shujaa. Yule mwenye bendera tu anaitwa gaidi. Nimeelewa.

Kilima:
Nani kasema gaidi? Onyesha neno hilo liko wapi hapa juu. Polisi 22 walijeruhiwa Madrid, hilo lipo. Na Waziri Mkuu wao Sánchez asubuhi ile ile anasema anawastaajabia waandamanaji! Ukiwa na kiongozi kama huyo, vizuizi ni mapambo.

Binti Bahari:
Kwa hiyo tatizo sasa ni Sánchez. Asubuhi lilikuwa Romo, mchana Almeida, jioni Sánchez. Nasubiri usiku.

Kilima:
Usiku ni wewe, dada yangu. Nikuulize jambo moja tu la wazi. Mmeshinda: wadhamini Premier Tech wamejitoa, timu haina tena jina la Israel, 2026 inaitwa NSN, imeandikishwa Uswisi na ina makao Hispania. Na Biniam Girmay amejiunga nayo. Girmay, Mwafrika wa kwanza kuvaa jezi ya kijani ya pointi ya Tour de France hadi mwisho wa mbio, 2024. Akipita mbele yako utamshangilia au utamtupia bendera?

Binti Bahari:
Nitamshangilia Girmay, kwa nini nisimshangilie? Jina limebadilika kwa sababu watu walisimama barabarani, si kwa sababu mtu aliandika barua ya heshima UCI. Giro dell'Emilia waliwaacha nje ya mbio wiki chache tu baada ya Madrid. Waandaaji wa Italia hawakushukiwa na malaika, waliangalia televisheni.

Gurudumu:
Basi ukubali kwamba kilichofanya kazi ni hofu.

Binti Bahari:
Kilichofanya kazi ni wingi. Wewe ndiye unayeuita hofu.

Nyundo:
Na hofu bado ipo. Vuelta ya 2026 imekimbia Madrid, inaishia Granada.

Kikokotoo:
Inaishia Granada kwa sababu Madrid wana mbio za magari za Formula 1 wikendi hiyo hiyo. Jamani, angalieni kalenda kabla ya kuandika.

Nyundo:
Na wewe ulitegemea waandike "tumeogopa" kwenye kalenda?

Nyanda za Juu:
Mzee wa Redio amepotea tangu nilipomwambia ya malaria. Mzee, tukubaliane: 1980 Kenya tuligoma Moscow, nyie mkaenda. Bayi akapata fedha ya kuruka viunzi na maji, Nyambui fedha ya mita 5,000. Bila sisi. Medali za nyumba isiyo na wenyewe.

Mzee wa Redio:
Sijapotea, nilikuwa nakula. Hizo fedha mbili ziko kwenye vitabu na jina la Tanzania limeandikwa pembeni. Moscow Bayi alikwenda mbele peke yake, akafungua pengo kubwa, Malinowski wa Poland akamkamata mzunguko wa mwisho. Hakukimbia kulinda nafasi ya pili, alikimbia kutafuta dhahabu. Mkenya gani alikuwa na uhakika wa kumzuia siku ile? Mtaje.

Nyanda za Juu:
Henry Rono. Rekodi ya dunia, mchezo huo huo, 1978.

Mzee wa Redio:
1978 si 1980, kijana. Mtaje wa 1980.

Kikokotoo:
Kilomita 15. Nipo hapa hapa.