Abakasi, tuisheni au programu ya simu: kipi kitamfaa mtoto kwenye mafumbo ya hesabu?

MamaZai: Habari zenu wanajukwaa. Nina shilingi 60,000 za kumsaidia mwanangu likizo hii, mafumbo ya kujumlisha na kutoa yanamtesa. Nachagua kati ya abakasi kubwa ya mbao (ile fremu ya shanga za kuhesabia), tuisheni ya mtaani na programu ya kulipia kwenye simu. Jumamosi naenda mjini, mwenye uzoefu anisaidie.

Kisamvu: Dada, yuko darasa la ngapi? Ukimwandikia 9 – 4 peke yake anapata? Shuleni anasoma kwa lugha gani? Bila hayo tutabahatisha.

Baba_Mapacha: Abakasi, usifikirie mara mbili. Mtoto anashika shanga, anaona namba. Wangu wote wawili walianzia hapo.

Mwl_Mstaafu: Abakasi haifundishi fumbo. Inamsaidia mtoto ambaye tayari ameshajua kwamba hapa anatoa. Wengi nilowafundisha darasa la kwanza na la pili walikuwa wanahesabu vizuri, ila hawaoni kilichotokea kwenye hadithi. Msomee fumbo, kisha akusimulie kwa maneno yake bila kutaja namba. Aliigize kwa vizibo vya soda, alichore, ndipo aandike 9 – 4 =. Anza na namba zisizozidi 10.

Nuru_Tanga: Kwenye tuisheni uwe makini sana. Mwalimu wa binti yangu alimkaririsha orodha: "jumla", "akapewa" na "zaidi" ni kujumlisha, "akala", "akapoteza" na "zimebaki" ni kutoa. Mwanzoni alama zilipanda, tukafurahi. Halafu likaja hili: Juma alikuwa na gololi kadhaa, kaka yake akampa 4, sasa ana 9. Mwanzo alikuwa na ngapi? Akaandika 13. Namuuliza, Juma atakuwaje na 13 mwanzo wakati mwisho ana 9? Ananijibu, "Mama, si amepewa?" Hadithi alikuwa haisomi tena, anawinda neno tu. Kila fumbo anapiga mstari chini ya neno moja, mengine anayaruka. Kumtoa huko kulituchukua muhula mzima, na yule mwalimu akaniambia mtoto hana umakini. Iliniuma mno.

Baba_Mapacha: Pole. Lakini mtoto wa miaka 6 lazima awe na pa kuanzia. Maneno hayo yanasaidia mafumbo mengi.

Mwl_Mstaafu: Yanasaidia yale mepesi tu, mkuu. Jaribu hili: Asha ana maembe 8, ni 3 zaidi ya aliyonayo Juma. Juma ana mangapi? Aliyekariri atakwambia 11. Panga vizibo 8 vya Asha, chini yake panga vya Juma, mtoto aone mwenyewe wapi pamepungua.

Mzazi_Nakuru: Programu niliyomwekea wangu ilikuwa na majibu manne ya kuchagua. Alikuwa anabonyeza mpaka moja likubali, simu inampigia makofi. Nikaifuta.

MamaZai: Asanteni. Yuko darasa la pili, shule ya mchepuo wa Kiingereza. 9 – 4 anapata haraka.

Kisamvu: Hilo ndilo tulikuwa tunalitaka! Leo msomee fumbo lilelile la shuleni kwa Kiswahili. Akipata, abakasi ya nini?

Baba_Mapacha: Ndiyo maana mimi wangu wako shule ya serikali. Mnalipa ada mtoto asielewe swali.

Nuru_Tanga: Baba Mapacha, hilo usimlaumu mzazi. Darasa la serikali nalo lina watoto wangapi? Mwalimu atamsikiliza nani akisimulia?

Mzazi_Nakuru: Huku Kenya mjadala ni huohuo. Wangu namsomea kwa Kiswahili kwanza, halafu tunarudi kwenye Kiingereza cha kitabu.

MamaZai: Nimemjaribu jana kwa Kiswahili. La maandazi, alinunua 7 akala 3, amepata papo hapo. La gololi akaniandikia 13.

Mwl_Mstaafu: Basi ana matatizo yote mawili, la lugha na la kuelewa hadithi. Lile la mwanzo usiojulikana ni gumu hata kwa wakubwa wake. Rudieni kwa vizibo, aanze na zile 9 za mwisho, arudishe 4.

Baba_Mapacha: Bado nasema abakasi. Ukinunua kagua rangi, nyingine zinabanduka mikononi.

MamaZai: Kuna anayemjua mwalimu Kibaha anayekuja nyumbani na asiyekaririsha?

Kisamvu: Bei gani kwa saa?