Wazazi wa kijivu, makinda wa kahawia: rangi hii imetoka wapi?

Mfugaji wa Tabata:
Ndugu wanajamvi, salaam. Nafuga zebra finchi, wale ndege wadogo wa tunduni, kwa mwaka wa pili sasa. Dume na jike wangu wote ni wa kijivu cha kawaida, wanakaa peke yao katika tundu lao, na mwezi uliopita waliangua makinda wanne. Manyoya yalipochomoza, wawili walikuwa wa kijivu na wawili wa kahawia iliyopauka, mfano wa chai iliyokolea maziwa, tangu utosini hadi mkiani. Jirani yangu anasema ni lishe duni, ilhali wote wanalishwa uwele uleule na yai la kuchemsha. Naomba kueleweshwa, na pia nijue nitawapataje madume wa rangi hiyo.

Babu wa Matundu:
Hongera, Mkuu. Lishe haihusiki. Jeni ya kahawia hukaa kwenye kromosomu ya jinsia iitwayo Z, na kwa ndege mpangilio ni kinyume cha binadamu: dume ndiye mwenye Z mbili, na jike ana Z moja na W moja. Jeni hiyo ni fiche, kwa hiyo dume mwenye nakala moja tu hubaki kijivu huku akiibeba, lakini jike akiirithi hana Z ya pili ya kuifunika. Dume wako ni mbebaji, na kwa wastani nusu ya binti zake watatoka kahawia. Basi hao wawili ni majike bila shaka yoyote, hata kabla midomo yao haijaacha weusi wa utotoni.

Mfugaji wa Tabata:
Ahsante sana, Babu. Je, nikimpandisha dume huyo kwa binti yake wa kahawia?

Bi. Kigamboni:
Kwa hesabu utapata madume wa kahawia, lakini nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu kupandisha baba na binti huanza kukusanya kasoro nyingine zilizojificha. Mtafutie jike wa kahawia asiye wa ukoo wake. Matarajio ya rangi ni yaleyale, yaani nusu ya makinda, madume kwa majike. Mimi niliwahi kuuziwa dume wa kijivu nikihakikishiwa kwamba ni mbebaji, nikampandisha kwa jike wa kijivu, na mabinti 11 mfululizo wakatoka kijivu. Kwa mbebaji wa kweli, hilo hutokea mara 1 katika 2,048. Tangu hapo huuliza rangi ya mama kwanza, kwa kuwa kila mtoto wa kiume wa jike wa kahawia hurithi jeni hiyo.

Babu wa Matundu:
Naongeza moja tu. Nyeupe haimo kwenye Z, hivyo kinda mweupe huhitaji nakala kutoka kwa wazazi wote wawili. Na ukiwapata wenye kishungi, usiwapandishe wao kwa wao: kinda anayerithi nakala mbili za kishungi, takriban robo yao, hufia ndani ya yai.

Mfugaji wa Tabata:
Narudi baada ya majuma matatu. Mmoja wa wale wa kijivu ametoa doa la chungwa shavuni, kwa hiyo ni dume, na huenda amerithi Z yenye kahawia. Nimemvisha pete ya buluu na kumwandika daftarini kuwa "labda mbebaji". Jike wa kahawia wa ukoo mwingine namfuata Mbagala Jumamosi.