Kikundi cha familia: dayeti ya Shangazi

Shangazi: Asalam aleikum jamani, ile klipu niliyotuma jana mmeiona? Yule dada kapungua kilo 10 kwa wiki 2, hali wali hali boflo hali muhogo, ni nyama na mayai tu na asubuhi anakunywa siki ya tufaha kwa maji moto. Jumamosi inshallah naanza, siki nshamtuma Khamis Darajani

Khamis: Nshainunua Shangazi. Na ni kweli, mwezi uliopita niliacha wali wiki moja tu nikashuka kilo 3

Rukia: Mashallah, na mie nimo

Salma: Shikamoo Shangazi. Nakuomba usianze kwanza, niko zamu, nikitoka ntaandika

Shangazi: Marahaba mwanangu. Kwani kuna ubaya gani, si chakula tu

Salma: Haya nshatoka. Khamis kilo zako 3 sikatai ila nyingi ni maji. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba ile inashika maji kama gramu 3, sasa ukiacha wanga, yaani wali, boflo na muhogo, akiba inatumika na maji yanatoka, ndo maana siku za mwanzo mtu anakojoa sana. Uliporudi kwenye wali hazikurudi?

Khamis: Zilirudi 2, siku nne tu

Salma: Basi. Mafuta hayarudi kwa siku nne

Ami Juma: Lakini Salma watu chungu nzima wanatoa ushahidi, wote waongo?

Salma: Si waongo Ami. Aliyepungua ndo anayejipiga picha, walioanza naye wakaacha wiki ya tatu nani anawaona? Ndo maana watafiti wanawagawa watu kwa kura, hawa dayeti hii hawa ile, halafu wanawafuatilia. Chuo cha Stanford kule Marekani walitoa utafiti wao 2018, watu 609 mwaka mzima, nusu wapunguze wanga nusu wapunguze mafuta. Wa wanga walishuka wastani kilo 6, wa mafuta kilo 5.3, yaani hapo hakuna mshindi. Na makundi yote mawili waliambiwa wale mboga kwa wingi waache sukari na unga mweupe, hili mie naliona kubwa kuliko jina la dayeti. Tena mwaka mzima kilo 6, huyu wa klipu 10 kwa wiki 2??

Rukia: Na kula masaa 8 tu kwa siku je?

Salma: China, mji wa Guangzhou, 2022, watu 139 mwaka mzima, wote wamepunguziwa chakula sawasawa, ila nusu yao wanakula saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni tu. Hao walipungua kilo 8, wenzao 6.3, na tofauti hiyo kitakwimu haikuthibitika, yaani huenda imetokea kwa bahati tu. Kinachopunguza ni kula kidogo, masaa yanamfaa yule anayeona rahisi kujizuia hivyo. Si tunajionea Ramadhani, mtu kafunga mwezi mzima na nguo ya Idi inambana, kaimati na tambi na sambusa kila magharibi

Ami Juma: Hilo kweli wallahi. Na siki?

Salma: Kuna utafiti wa Lebanon 2024 uliosema siki inapunguza uzito, ulisambaa sana, 2025 jarida lililoutoa likaufuta lenyewe, takwimu zake haziaminiki.

Ila Shangazi mie roho yangu iko kwako. Wewe unameza vidonge vya sukari na vya presha. Kuna vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, hata kama hujala kitu, ukiacha wanga ghafla huku unavimeza sukari inaporomoka, jasho, kutetemeka, mpaka mtu anazimia. Tena unalala peke yako

Shangazi: Astaghfirullah. Kwahiyo nikae na unene wangu?

Salma: Hapana Shangazi, kupungua kwako wewe kuna faida kuliko sisi sote. Uingereza walifanya na wagonjwa wa sukari ambao hawajavuka miaka 6 na ugonjwa na hawachomi insulini, wewe una mwaka wa nne. Walipewa chakula kidogo sana miezi 3 mpaka 5 kisha wakarudishwa pole pole, baada ya mwaka karibu nusu yao sukari ilikuwa imeshuka bila ya dawa. Ila dawa zilisimamishwa siku ya kwanza na wahudumu wao wenyewe, hakuna aliyejiamulia kwa klipu

Shangazi: Karibu nusu?

Salma: 46 kwa kila 100

Shangazi: Alhamdulillah, hilo sikuwahi kuambiwa. Klinik yangu Jumanne, Rukia tutakwenda sote. Khamis siki mpe mamako aweke kwenye achari

Rukia: Sawa Shangazi, ntakupitia saa 1

Salma: Uchukue vidonge vyote, hata vya presha, na kile kidaftari cha vipimo. Na mpaka Jumanne ule kama kawaida yako, chai tu ndo upunguze sukari